Mfasiri wa Nyumba Nzima

Jumapili, 2 Novemba 2025

Ofisi ilikuwa wazi leo. Ofisi ni mimi. Kila Jumapili watu wakitoka kanisani wananiletea simu niwasomee meseji za Kiingereza za wiki nzima. Hawana haraka — meseji inangoja Jumapili kama nguo chafu. Wampelekee nani mwingine? Nyumba nzima hii ya Glenwood, huku kwa Wazulu, aliyegombana na nahodha Mgiriki kwa Kiingereza na akashinda ni mimi Gadiel peke yake. Shule niliishia darasa la tano. Mengine nilimalizia baharini — Santos, Rotterdam, Mumbai. (Mumbai niliiona kwa mbali, lakini niliiona.)

Marie-Jeanne wa chumba cha jirani alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki mkavu. Msusi, Mkongo wa Uvira. Ananiita yaya. Kwao yaya ni kaka mkubwa, kwetu ni mlea watoto. Nimeshazoea, na siku nyingine naona wamepatia.

"Yaya, kwanza simu. Chakula iko inakuja."

Mwanamke anajua biashara! Nikamsomea. Duka la viatu. Benki inamsalimia. Bima ya mazishi — wanampimia jeneza mtu mwenye afya yake! Moja ya kampuni ya simu, ndefu kama waraka wa Mtume Paulo, dear customer huku, dear customer kule, bando likiisha usikatikiwe, jibu YES. Mtu akikukarimu unaitika. Nikajibu YES, nikafuta zote, simu ikabaki nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Laini yenyewe iko kwa jina langu. Karatasi zake za ukimbizi zinakwenda na kurudi, zangu zimetulia. Nusu ya nyumba hii inaongea kwa jina langu. Gadiel anaongea na Uvira, Gadiel anaongea na Kigoma, na Gadiel mwenyewe amelala!

Sombe ilikuwa na mawese ya kweli. Nimelamba hadi kiwiko.

Jumatano, 5 Novemba

Kilio nyumbani.

Jumatano ndiyo siku ya Estella, binti wa Marie-Jeanne, anayekaa na bibi yake Uvira. Bibi ana kitochi, hakina mtandao. Kwa hiyo bando halisaidii kitu, lazima salio. Juzi Marie-Jeanne aliweka vocha nzito, maalumu kwa leo. Karudi kazini, kavua viatu, kapiga — salio hakuna. Hata la kubipu! Mtoto alikuwa kakaa na kitochi cha bibi tangu atoke shule. Tumejua kwa sababu bibi ndiye aliyebipu. Akabipu, akabipu, akachoka.

"Mtoto atasema mama alinisahau," Marie-Jeanne akawa anasema. "Yaya, nani iko anakula unités zangu?"

Nikamwambia atulie, mdudu tutamtoa. Mimi wezi nawajua kwa harufu. Santos waliniibia soksi nikiwa nimevaa viatu.

Sasa, mambo yangu ya siri. Vocha kanunua kwa Ruphin, yule kijana wa Bukavu mwenye meza ya simu mjini. Siku ileile Ruphin akambandikia kioo kipya. Akaishika simu muda mrefu. Kioo gani kinabandikwa muda mrefu vile? Tena Ruphin ana tabia ya kucheka kabla mzaha haujaisha. Mtu wa namna hiyo anajua mwisho wa mambo mapema mno.

Namtazama.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemnunulia Marie-Jeanne vocha mwenyewe, tena kwenye gereji ya mafuta, si kwa Mkongo wala kwa Mtanzania. Nikaiingiza kwa mkono wangu. Akaongea na Estella. Mtoto kanuna kwanza, halafu akaimba wimbo wa shule. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu pale mlangoni. Kamba ilikataa kufungika mpaka wimbo ukaisha.

Salio likabaki la kutosha. Nikamwonya asimpe simu mtu yeyote. Akasema hampi, yeye na simu ni kutazama video za misuko tu, wateja wanataka mitindo mipya.

"Na mega zikiisha, video haisimami tena, yaya. Zamani ilisimama. Wiki hii inaendelea tu. Nilimshukuru Mungu."

Nikamwambia ashukuru, neema haiulizwi risiti.

Kisha nikaenda mjini kumpeleleza Ruphin. Nilivaa kofia. Akanitambua toka kwenye robot, taa za barabarani.

"Grand! Unatafuta kava?"

Grand kwao ni mkubwa. Nikamwambia natafuta ukweli. Akacheka — kabla mzaha haujaisha, tazama! Nikamweleza kuwa salio la watu linayeyuka. Hakucheka tena. Akasema vocha ni namba kwenye karatasi, akishaiuza hana uwezo nayo. Akasema nimletee ile simu aangalie meseji za kampuni, pengine kuna kitu kiliwashwa.

Aha! Anaitaka simu! Fisi anaomba kulinda bucha.

"Meseji ni idara yangu," nikamwambia.

"Sharp, grand. Basi soma vizuri."

Soma vizuri! Mimi!

Ijumaa, 7 Novemba

Salio limekwenda tena. Lote. Ruphin hajaigusa simu. Kwa hiyo anaiba kwa mbali. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 9 Novemba

Ofisi ilijaa. Mvua, kila mtu barazani.

Simu ya Marie-Jeanne ilikuwa na meseji za kampuni, mlolongo. Bando lako limefika nusu. Bando lako limebaki kidogo. Bando lako limeisha. Onyo juu ya onyo, tangu Jumatatu, zimekaa kimya zikimngoja msomaji! Nikawasomea wote kwa sauti ya mtangazaji.

Alikuwepo Coletha, msichana wetu wa Bukoba anayesoma sheria chuoni Westville. Huja kula ugali wa kweli, chuoni wanakula majani. Akasema, "Anko, hizo meseji siyo hisani yao. Sheria ndiyo inawalazimisha."

Akatueleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji. Kwamba kampuni ya simu hapa lazima imwonye mteja bando linapopungua, na likiisha lazima ifunge mtandao. Haiwezi kuhamia kwenye salio kimyakimya, maana nje ya bando bei ni ya kukomoa. Mpaka mteja mwenyewe akubali.

"Na kama imekula salio?" nikauliza.

"Basi, anko, kuna mtu alikubali."

Kuna mtu alikubali! Nikasimama. Sikupanga kusimama, miguu ilijipanga yenyewe. Nikasema, nani aliishika simu hii Jumatatu? Nani anajua kuchezea mipangilio? Nani aliyenitaka niipeleke mezani kwake?

Sikutaja jina. Sawa, nilitaja. Mara mbili, wale wa nyuma walikuwa hawajasikia.

Marie-Jeanne akaweka mkono mdomoni. "Ruphin? Tunasali kanisa moja."

Nikamwambia Yuda naye alikuwa anahudhuria.

Wanawake wanaosuka naye saluni wakaanza pale pale kutuma sauti kwenye grupu lao. Coletha akanivuta pembeni, akasema nisikimbilie jina la mtu, nipige kampuni. Mwenye laini ana haki ya kuuliza ruhusa ilitolewa lini, na kuifuta. "Mwenye laini si wewe?"

Ni mimi. Nikamwambia nitapiga. Lakini mwanasheria bado mtoto, hajui watu.

Mbona basi sisikii utamu wa kushinda?

Jumatatu, 10 Novemba

Kazi Westville, kupaka rangi dari ya mama mmoja mwenye mbwa wengi kuliko viti. Rangi inaitwa maziwa ya jioni. Ni nyeupe tu. Tumbili kaniibia mkate kwenye pikapu, bakkie wanavyoiita huku, kapanda ukutani, kanikazia macho kama mwizi ni mimi. Eish.

Nilipopita mjini meza ya Ruphin haina mtu. Mwenye duka anapoweka meza kamwambia akae nyumbani mpaka jina lake lisafike. Wanawake wa saluni ile na ya jirani yake wameacha kununua kwake. Siku moja tu! Sikujua kama mdomo wangu una mtandao wa kasi hivyo.

Mkewe, Godelive, ana mimba ya kukaribia kujifungua. Niliwapelekea mchele na mafuta. Si kwa sababu yoyote, ni ujirani. Ruphin alikuwa kakaa kitandani anafuta chaja moja, anaifuta tena.

Godelive akapokea. "Aksanti, yaya." Hakunitazama.

Ruphin akasema hataki mchele, anataka simu ile ipigwe kwa kampuni mbele yake, spika ikiwa wazi, Marie-Jeanne akisikia. Kesho. Nikamwambia hata sasa hivi! Yeye akasema kesho, leo Marie-Jeanne yuko kazini.

Mwizi gani anaomba spika?

Mjanja sana, labda. Au anadhani nitaogopa. Mimi niliyegombana na Mgiriki.

Nimejaribu kukumbuka kila aliyewahi kuishika simu ile. Marie-Jeanne. Ruphin. Basi. Nimehesabu tena. Kuna kitu kinanikwaruza, kama mwiba wa samaki, nikimeza kipo, nikikohoa hakipo.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika haraka. Niko chumbani kwangu. Nimewaambia nakuja kuchukua kitambulisho.

Wako kwa Marie-Jeanne. Simu iko mezani, spika wazi, dada wa kampuni yuko hewani anasubiri. Ana sauti nzuri, ya Kizulu, ya upole. Ingekuwa kali ningejua la kufanya.

Ilikuwa hivi. Nikajitambulisha kwa Kiingereza changu cha bandarini. Nikamwambia kuna mwizi. Akasema pole sana, bwana, ngoja niangalie. Muziki. Marie-Jeanne akafumba macho anasali. Ruphin kasimama mlangoni, mikono mfukoni, shati la kanisani Jumanne!

Dada akarudi. Kasema hakuna mwizi. Kasema laini ilikuwa imefungwa vizuri, salio haliguswi. Halafu tarehe mbili Novemba, Jumapili mchana, kampuni iliomba ruhusa ya kutumia salio bando likiisha, na jibu likaja kutoka kwenye simu hiyohiyo. YES. Kabla ya vocha ya Jumatatu. Kabla ya kioo. Akauliza, je, bwana, ni wewe uliyekubali? Na je, ungependa tuifute ruhusa hiyo sasa? Nitajie namba ya kitambulisho.

Jumapili mchana. Sombe ilikuwa jikoni. Bado naisikia harufu ya mawese kwenye dole hili ninaloandikia.

Bando likiisha usikatikiwe. Nilidhani ni ukarimu!

Marie-Jeanne Kiingereza chake ni hello na thank you. Akanishika mkono. "Anasema nini, yaya? Alimtaja? Alisema ni Ruphin?"

Na Ruphin... Ruphin anauza chaja kwa Wahindi, kwa Wazulu, kwa watalii. Ana Kiingereza cha mezani. Kinatosha. Ameelewa kabla yangu, nilimwona usoni, pale dada aliposema Jumapili. Ningekuwa mimi ningeruka hadi darini. Ningeita mtaa. Yeye katoa mikono mfukoni tu, akasema polepole:

"Mutafsirie, grand."

Basi nikasema kitambulisho, ngojeni kitambulisho.

Namba naijua kwa kichwa. Nimewasajilia watu laini kwa namba hii mpaka naiota.

Ningeweza kusema kampuni ilikosea. Makampuni yanakosea kila siku, nani atabisha? Ruphin atarudi mezani, Marie-Jeanne ataendelea kuniletea simu, sombe itaendelea. Kila mtu atakuwa salama. Ila yule mlangoni atakuwa anajua. Na kila Jumapili nikifungua ofisi atakuwa anajua. Labda ndiyo maana hasemi. Labda ananitega! Au labda —

Marie-Jeanne anaita. "Yaya Gadiel! Madamu iko anaongea tena! Kuja utuambie!"

Ruphin hajasema neno hata sasa. Nasikiliza ukuta mzima na simsikii. Chumba kile kina Kiingereza cha kutosha bila mimi, na bado kinaningoja mimi.

Anaita tena. Kitambulisho kiko mkononi. Nimeshasimama, naandika nimesi —