Aproni Yako Niliikata Mimi

Mzee wangu Shija,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya kanisa. Ibada imekwisha, wenzangu wa matarumbeta wameshatawanyika, na karatasi hizi nimeziomba kwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Mchungaji wetu anafundisha kwamba wafu hawasikii. Namwamini. Ila kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nakwambia kila kitu, hata yale ambayo mke wangu hayajui, na tangu tukuzike sina wa kumwambia hili. Kwa hiyo nisikilize kama unaweza. Kama huwezi, Mungu atasikia, na Yeye anajua tayari.

Ni kuhusu chapa yako. Kile kichuma chako kifupi, chenye mwezi mdogo na nukta tatu, ulichokuwa ukigonga kwenye kila panga karibu na mpini. Ulikufa bila kusema unamwachia nani. Maneno yako ya mwisho yalikuwa kuhusu makaa. "Haya ya juzi yana mawe, mrudishieni." Basi, ukageukia ukutani. Mimi na Kabula tulisimama pale tukikungoja uongeze kitu, na hukuongeza.

Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo walikaa. Wengine walisema chapa ni ya Kabula, ni mtoto wako, amevukuta moto wako tangu akiwa na meno ya maziwa, na kifua chako kilipoharibika ndiye aliyeshika nyundo. Wengine wakasema ni yangu mimi, Elia ndiye fundi, nusu ya mapanga yanayoitwa ya Shija yametoka mikononi mwake. Walibishana mpaka chai ikapoa. Hapo ndipo mdogo wako Masanja akasema, "Hawa wote wawili wamejiandikisha kwenye yale mashindano ya tivii. Wakakatane huko. Atakayeshinda achukue chapa, sisi twende tukalime." Watu wakacheka, halafu wakaona ni neno. Mimi nikasema sawa. Kabula akanitazama kidogo, naye akasema sawa.

Watu wa tivii walitoka Dar. Waliweka uwanja wao kando ya ile njia ya zamani ya misafara, upande wa kwenda Kwihara, kwa sababu mtangazaji alitaka kusimulia habari za mapanga ya kale. Kijana mmoja mwembamba, suruali imembana kama soksi. Aliongea sana kuhusu wapagazi na damu. Hakuna aliyemwambia kwamba chuma cha watu wetu wakati ule kilikuwa jembe.

Tulikuwa mafundi wanane. Sheria ni kwamba unakimbia na panga lako ulilofua mwenyewe au la karakana yako, unapita vituo vitano, na huruhusiwi kunoa katikati. Kituo cha kwanza kamba ya katani inaning'inia. Cha pili chupa za maji zimepangwa mezani, uzikate zote kwa pigo moja. Cha tatu miwa kumi imefungwa pamoja. Cha nne gogo la mninga mkavu, ulikate likatike. Cha tano ndipo ujanja wao ulipo: baada ya kulitesa panga kwenye mninga, unakuta karatasi ya gazeti imening'inizwa kwa uzi, na makali yaliyochoka hayakati gazeti, yanalisukuma tu. Ungeipenda hiyo. Ni ile ile uliyokuwa unatufanyia sisi kwa jani la mgomba.

Na cha sita, kwenye fainali tu, kila mmoja anamtengenezea mpinzani wake kituo. Vifaa vyovyote unavyotaka, ila kwanza ukate mwenyewe kwa panga lako mbele ya waamuzi, kuthibitisha kwamba kinakatika.

Fainali ikawa mimi na Kabula. Nadhani hilo unaweza kulifurahia, kwa hiyo furahia hapa hapa, kwa sababu mbele hakuna.

Kabula alikuwa na lile panga lako la mwisho, uliloacha bila mpini. Alilitia mpini wa mpingo na kulinoa kama ulivyotufundisha, upande mmoja tu, wa kulia, upande wa kushoto ukabaki bapa. Wewe ulisema ndivyo wavunaji wa mtama walivyonoa tangu zamani, kwa mkono wa kulia, ukivuta kuja kwako, panga linauma na halikwepi. Ni kweli. Lakini ukilirudisha, ukikata kutoka kushoto kwenda kulia, linateleza. Linapanda juu kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Hilo tulikuwa tunalijua watatu duniani, wewe, yeye na mimi. Na mimi, Mzee, nilianza kunoa pande mbili mwezi ule ule uliozikwa. Wateja wa Dar wanapenda hivyo. Sikumwambia Kabula.

Nilipopewa nafasi ya kutengeneza kituo chake, nilichagua jamvi la ukili. Nikaliviringisha, nikalilowesha maji, nikalining'iniza. Upande wa kulia nikasimamisha magogo mawili karibu karibu, mtu asipate pa kuzungushia mkono. Njia ikabaki moja, kukata kwa kurudisha, kutoka kushoto. Na nyuma ya jamvi, kidogo juu, pale pale ambapo panga likiteleza litakwenda, nikasimika bomba la chuma la kushikilia kamba. Mwamuzi akauliza, "Fundi, hilo bomba halina hatari?" Nikamwambia, "Ni la kushikilia tu." Nikatoa panga langu la pande mbili, nikalikata jamvi mbele yao mara moja. Wakaandika. Kabula alikuwa amesimama mbali na mumewe na watoto. Aliliangalia lile bomba kwa muda mrefu.

Yeye alianza. Mtangazaji akamchokoza, "Dada, hilo panga la kukatia mchicha?" Kabula akamjibu, "La kukatia maneno. Sogea karibu nikupime." Watu wa Tabora walicheka mpaka yule kijana akashika kipaza sauti vibaya. Alipita vituo vitano bila kusimama. Mninga aliukata mapigo manne, Mzee, na gazeti likaachana kama limepita upepo. Nilisikia fahari, nakuapia. Kisha akafika kwangu.

Liliteleza kama nilivyojua. Likapanda juu ya jamvi, likagonga bomba, na kipande cha ukubwa wa kucha ya dole gumba kikaruka. Panga lako la mwisho. Akajaribu tena, likateleza tena, muda ukaisha. Mtangazaji akapiga mluzi akasema, "Panga limetema jino." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilitabasamu. Kamera ilinikuta nikitabasamu, watu wameiona.

Ikawa zamu yangu. Vitano nilivipita, si kwa uzuri kama wake, lakini nilipita. Hesabu ilikuwa rahisi, kila mtu aliijua. Nikikata cha sita nimeshinda. Nikishindwa, tumetoka sare, na kesho yake tunarudia kwenye uwanja mpya, vituo wanapanga wao.

Cha sita kilikuwa kimefunikwa kwa kitenge. Mwamuzi akakivua. Ilikuwa aproni yako ya ngozi.

Ilikuwa imening'inizwa kwa mikanda yake yenyewe, kwenye kijiti. Matundu ya cheche yote yapo. Lile doa jeusi pale tumboni, la siku uliyoegemea koleo ukiniambia habari za harusi yako ukasahau kwamba lina moto. Lile pindo nililolishona mimi kwa waya wa breki ya baiskeli, ukaniambia, "Elia, wewe ungekuwa mke ningekuacha kwa ushonaji huu." Lile fundo ulilolifunga mwenyewe mgongoni kwa mara ya mwisho, hakuna aliyelifungua. Kwa ajili ya waamuzi alikuwa ameikata kidogo chini, upana wa vidole viwili, aonyeshe inakatika. Zaidi ya hapo hakugusa.

Nilisimama. Mtangazaji akasema, "Fundi, saa inakwenda, au unaiogopa nguo?" Watu wakacheka. Nikamtafuta Kabula kwa macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani akileta chakula kule bandani, akingoja niseme kama chumvi imetosha.

Nikakata. Pigo moja, kutoka bega mpaka kiuno. Nusu ikaanguka kwenye vumbi, nusu ikabaki inacheza kwenye kijiti. Nilipewa kombe na mashine ya kuchomelea. Masanja akanikabidhi chapa yako palepale mbele ya kamera, kwa mikono miwili.

Wakati watu wanapiga picha, Kabula alikuja kuokota kile kipande kilichoanguka. Akakikung'uta vumbi. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka Elia, nilipoliona bomba nilijua panga litateleza. Nilikuwa nangoja tu nione utafanya nini na aproni. Sasa nimeona." Akaondoka.

Kipindi kilipotoka, walirudisha lile pigo lake mara tatu, taratibu, wakaweka mlio wa bata pale kipande kinaporuka. Kikaingia kwenye simu za watu. Sokoni walimwita Mama Teleza. Watoto wake shuleni wakaitwa Teleza mkubwa na Teleza mdogo, na yule mdogo akagoma kwenda. Nilikuwa nasikia watu wakicheka mbele ya banda langu, na sikumkemea hata mmoja. Mwishowe mumewe akamchukua wakahamia kwao Ulyankulu. Jumapili ile ile walipoondoka, Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa akasema nimeuletea mji heshima. Nikapiga tarumbeta, na halikukosea hata noti moja. Nilidhani Mungu angenikata pumzi. Hakunikata.

Nimejaribu kutubu. Nimefunga, nimepiga magoti mpaka yameota sugu. Lakini toba ni kugeuka, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi kila nikijaribu kugeuka naona chapa, natamani iwe yangu, na niko pale pale.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilipanda basi kwenda Ulyankulu na chapa mfukoni. Nilimkuta uani anatengeneza meno ya jembe la kukokotwa la jirani, mwanawe mkubwa akicheza kando. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akaniletea kigoda na maji. Nikamwambia kuhusu bomba. Nikamwambia kwamba panga langu nilishalinoa pande mbili. Nikatoa chapa nikaiweka juu ya fuawe lake, nikasema ni yake, ilikuwa yake tangu mwanzo.

Aliichukua akaigeuza geuza. Akaniuliza, "Umegonga mapanga mangapi?" Nikamwambia sijahesabu, ni mengi. Akatikisa kichwa. Kisha akaiweka kwenye makaa, akaniambia, "Vukuta." Nikadhani anataka kugonga alama kwenye jembe lile. Nikavukuta. Ikawa nyekundu, ikawa ya chungwa. Akaitoa kwa koleo, akaiweka juu ya fuawe, akaipiga kwenye uso wake, pale kwenye mwezi na nukta. Mara moja, mara mbili. Akairudisha motoni. Nilitaka kumzuia, mkono wangu ukabaki kwenye mvukuto. Aliifua mara nne mpaka ikawa patasi ndogo ya kutobolea tundu, nzuri, imenyooka, kazi safi kabisa. Akaitumbukiza kwenye mafuta. Akasema, "Hii inanitosha. Sasa hakuna wa kugombana naye." Akaendelea na jembe la watu. Hakunifukuza. Hakuniambia nikae. Nilikunywa yale maji yakaisha, nikaenda kungoja basi.

Kwa hiyo alama yako haipo tena, Mzee. Ipo tu kwenye mapanga ambayo yako kwenye mashamba ya watu, na mengi kati ya hayo niliyagonga mimi baada ya kukutendea hivyo.

Mwezi ujao unatimiza mwaka. Ukoo utakusanyika nyumbani kwako Kanyenye, Masanja ameshaagiza mbuzi, na wanategemea nifike na chapa niwaonyeshe, wapige picha. Nitakwenda mikono mitupu. Nitasimama kabla chakula hakijaliwa, Kabula awepo au asiwepo, niwaeleze lile jamvi nililining'inizaje, magogo niliyasimamisha wapi na bomba nililiweka kwa nini, kipimo kwa kipimo, kama fundi anavyoeleza kazi yake. Niwaambie ni nani aliyekuwa na haki ya ile chapa. Masanja atanifukuza, na watu watakuwa na jina la kuniita sokoni. Banda nitaliacha, vyombo vyako vyote nitavipakia vipelekwe Ulyankulu, na kama atavikataa vitakaa barabarani mbele ya nyumba yake mpaka avichukue.

Hilo nakuahidi. Kwaheri, Mzee wangu, lala. Ahadi nyingine siwezi kukupa, ile ambayo ungeitaka zaidi, kwamba ningekuwa pale tena nisingekata. Kila siku najirudisha mbele ya ile aproni na kuomba, na kila siku mkono wangu unashuka.

Mwanafunzi wako,
Elia