Baba, Chiriku Ameruka kutoka Jukwaa la Juu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuaga, na leo hatukuandikii kwa machozi. Tuna habari ambayo imetushinda kuificha: Chiriku, kitinda mimba wako, ameruka!

Ulikuwa mwalimu wa kuruka majini, bwawani na hata nyumbani. Kizingiti cha jikoni kilikuwa ubao wetu wa kwanza, na godoro kuukuu lilikuwa maji. "Ubao hukurusha ukiusubiri," ulizoea kutuambia. "Jukwaa ni saruji, hapo utaruka kwa miguu yako mwenyewe." Ulitufundisha kwa utaratibu: kwanza kusimama, kisha kuruka mwili umenyooka, kisha kujikunja kiunoni, na mwisho kujikunyata magoti kifuani. Aliyedai kuanza na mizunguko ulimjibu, "Haraka haraka haina baraka, muulize aliyeingia majini kwa tumbo."

Zaidi tunaikumbuka desturi yako ya kuligeuzia bwawa mgongo mwanafunzi anaporuka. Uliamua kwa sikio. Aliyeingia vibaya, maji yalimpiga kofi, nawe ukajikuna shingo. Aliyeingia wima, mikono imetangulia na vidole vya miguu vimenyooka, maji yalitoa sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa. Hapo uliinua kofia yako ya buluu bila kugeuka. Kwetu hiyo ilizidi medali.

Ulipoondoka, Chiriku wako alinyamaza. Kila alipopanda jukwaa la mita kumi alitazama chini, akaona pale ulipozoea kusimama pako wazi, akashuka kwa ngazi. Kabla ya mashindano ya Jumamosi alitutangazia: "Nikishuka tena kwa ngazi, basi. Naacha kabisa." Kisha akamgeukia mama yetu. "Mama, usinitazame. Geuka, usikilize kama Baba."

"Hee! Sikio langu mimi limezoea sufuria tu!" Mama akajibu. Lakini kofia yako alikuwa ameshaivaa.

Basi alipoitwa, tuligeuka sote, safu nzima. Bibi mmoja aliyeketi nyuma yetu akajikuta anakodolewa macho. "Jamani," akauliza, "mmelipa kiingilio mje kunitazama mimi?"

"Tuvumilie kidogo, dada," Shangazi akamwambia. "Sisi tunatazama kwa masikio."

Kule juu, Chiriku naye alikuwa ameligeuzia bwawa mgongo, kwa kuwa alichagua mruko wa kinyumenyume, visigino vikiwa nje ya ukingo. Tulitega masikio tukihofia kusikia nyayo kwenye ngazi za chuma. Hazikuja. Kikaja kitambaa, Baba, kikachanika pindo hadi pindo!

Mama aliinua kofia kabla waamuzi hawajatoa alama, na hakugeuka. Alama zenyewe hatukuzisikia kwa vifijo vyetu. Hata yule bibi wa nyuma alikuwa amesimama juu ya kiti. Chiriku alipoibuka hakujali waamuzi. Alitafuta kofia, akaiona iko hewani, akaanza kupiga kelele kama zamani. Mpaka leo hajanyamaza, na nyumba imekuwa nyumba tena.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, dada yako, wanao wote, wakwe, wajukuu wanaoruka sasa kutoka kizingiti kile kile, na wanafunzi wako wa bwawani.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Kofia ingali juu.