Panga Lililowakata Wawili

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Leo usiponiitikia sitanuna, ila niache niseme mpaka nimalize.

Unakumbuka utotoni uliponing'oa jino kwa bahati mbaya kwa mwiko wa mama? Ulilia kuliko mimi. Hata ulipokuwa mlinzi wa ghala la chumvi la tajiri, na mimi mpishi wa tajiri yuleyule, ulikuwa ukichungulia jikoni kuniuliza, "Nani kakuudhi leo nikamtie adabu?"

Alasiri ile wezi walipovamia ghala, nilikuwa nimewaletea chai wewe na tajiri. Mmoja akamkata tajiri bega. Aliponyanyua panga tena ukajitia kati, likakuzama tumboni. Damu ilitapakaa juu ya chumvi, na wale washenzi wakakimbia.

Gari lilikuwa moja, la tajiri, nalo lilitosha kumlaza majeruhi mmoja tu. Ukasema, "Mtangulizeni bosi, mimi naweza kungoja." Mjinga wewe, kaka. Na mimi mjinga zaidi, nikapanda naye, nikamkandamiza kidonda kwa kanga yangu hadi hospitali ya kulipia huko Dar. Dereva alionyesha kadi ya bima mlangoni. Tajiri alishaingizwa chumba cha upasuaji hata sijanawa mikono.

Wewe wenzako walikupakia kwenye bodaboda mpaka zahanati. Wakaambiwa hapa hatupasui, na gari la wagonjwa halina mafuta, ndugu wachange. Wakazunguka kijijini kwetu Zinga duka kwa duka wakiomba. Waliporudi na pesa, ulikuwa umekwisha kukata roho kwenye benchi, umejishika tumbo.

Kwenye arobaini yako tajiri alikuja, mkono umefungwa shingoni, na magunia ya mchele. Akakaa mkekani akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikamzaba kofi. La pili nikalielekeza begani, palepale penye kidonda, akapiga yowe nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Wazee wakanikamata. Ami akanifokea, "Mwanamke, hii ni hitima." Nikamjibu kwamba makosa si ya Mungu, na mchele wa huyo tajiri sipiki.

Kazi nimeacha. Kila Ijumaa ami ananituma nikamwombe tajiri radhi, nami siendi. Hasira hii naamka nayo na kulala nayo.

Wa kuombwa radhi ni wewe, kaka. Nilikuwa na mikono miwili siku ile, na yote miwili nikamshikia yeye.

Lala, kaka.

Mdogo wako,
Mwajuma