Baba Fausta, Umeniacha Mwizi

Baba Fausta,

Una akili wewe? Mtu anakufa, anaoshwa, anazikwa na sala zote, halafu mkewe anabaki kuitwa mwizi kwa ajili yake. Usinijibu kwa Injili. Injili yako ndiyo imenifikisha hapa.

Ninaandika mwenyewe. Herufi ni zile za darasa la watu wazima ulilonisukumia, nikikataa unasema mama mzima anaogopa chaki. Kama zimepinda, zimepinda. Soma hivyo hivyo.

Tulipoanua matanga, ndugu zako walikaa mikekani wakingoja kugawana vitu vyako, kama ilivyo desturi. Nikawatolea shati moja na rozari. Kasiano mdogo wako akalishika lile shati, akageuza kola, akauliza koti liko wapi. Redio je? Majembe? Nikasema sijui. Wakacheka. Kasiano akasema mbele ya watu, "Shemeji, hata panya anaiba kwa adabu." Wakaingia ndani. Wakachungulia kihenge, wakagonga sakafu kwa mpini wasikie kama nimefukia. Mimi, mke wa katekista, nimesimama mlangoni kwangu napekuliwa kama muuza gongo.

Na kweli nilikuwa sijui. Uliniambia redio iko kwa fundi. Koti umelisahau parokiani. Majembe watu wameazima, watarudisha. Nikakuita mzembe, ukacheka. Kumbe ulikuwa unagawa, na unaficha, kwa sababu Bwana alisema mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume. Sasa mkono wa kushoto ni nani, Baba Fausta, kama si mimi? Mimi ndiye nisiyejua, na mimi ndiye ninayeulizwa.

Koti nimeliona. Nilikwenda kuomba moto kwa Luchia, yule kipofu asiye na mtoto, nikamkuta kalivaa, mikono imefunika vidole. Nikamuuliza kalipata wapi. Akasema malaika alimwekea mabegani asubuhi moja ya baridi, akaondoka bila neno. Nikamwambia malaika gani ananuka ugoro. Akanijibu, "Mama Fausta, huenda na wao wanashikwa mafua." Nikabeba kaa langu nikaondoka. Nikimtaja watamvua, na ushahidi wake ni malaika. Sitamtaja. Usidhani ni utakatifu. Sitaki tu kumwona Kasiano ndani ya koti lile.

Redio iko kwa Gervasi, na huyo ndiye anayeniua. Nyati alipomvunja mguu ulimpelekea imliwaze, mguu ukapona, redio ukamwachia. Anaifungulia ndani, mlango kaufunga, sauti chini kabisa, lakini ile mikwaruzo yake naijua kama kikohozi chako. Nikamwendea. Hakukana. Akaangalia chini, akasema, "Mama, nikisema nilipewa, wataichukua. Halafu mzee mwenyewe alinikataza nisiseme."

Basi amekuwa mtii. Siku ya matanga mtii huyo alikula ugali wetu, akanawa, na Kasiano alipouliza redio akasema, muulizeni mwenye nyumba. Na nikimtaja mimi, watasema nimeificha kwake; sharti aseme mwenyewe.

Juzi alfajiri nimekuta kapu la unga mlangoni, halina mwenyewe. Mkono wa mke wa Gervasi naujua, hakuna mwingine hapa Majimoto anayesuka ukingo namna ile. Nikalingojea jua lisimame, nikalibeba kichwani nikapita nalo njia kubwa, nikalitua katikati ya uwanja wao bila salamu. Sitalishwa kwa kificho na mtu anayeniacha nitukanwe hadharani. Wewe ndiye uliyewafundisha kwamba wema ni kitu cha kuvizia kama mwizi wa kuku. Mwenye kunihurumia apite mchana, watu wamwone.

Kesho baada ya Misa wanakuja na mwenyekiti wa kijiji. Vitu visipojulikana viko wapi, jaruba letu la mpunga anachukua Kasiano, ndiyo fidia wanayosema. Jaruba lile tulilolielekezea maji sisi wawili, wewe ukizibua, mimi nikiziba, tunatukanana toka asubuhi. Na mawingu yameanza. Nikilikosa, nakwenda kula kwa mkwe kule Inyonga, niwe mgeni wa binti yangu mwenyewe, nihesabiwe matonge.

Nakukumbuka, usifikiri sikukumbuki. Wali ukipakuliwa ulikuwa unanisogezea ukoko, unajua naupenda, unajifanya meno yako hayauwezi. Kijiji kizima kina kitu chako, mimi nilipewa ukoko. Hapa wino umetapakaa. Usifurahi.

Mungu sikumkataa. Ninyi wanaume wake ndio mnaonichosha. Nikibaki na jaruba, nakuahidi, debe la kwanza la mpunga litakwenda kwa Luchia, nitalibeba mwenyewe mchana kweupe, na nitamwambia malaika wake alikuwa anaitwa nani.

Kwaheri, mzee wangu. Lala, lakini si usiku huu. Usiku huu una kazi. Usinijie mimi ndotoni na ule uso wako wa upole. Mwendee Gervasi. Simama kichwani pake, mwambie lile katazo umeliondoa, na kabla kengele ya Misa haijalia aichukue redio mkononi, aende kwa Kasiano, aseme alipewa.