Safari ya Hagsätra

Tensta, 9 Oktoba 1984

Shemeji Mueni,

Barua yako imenifikia, nimeisoma mara mbili. Afya ninayo, ila tangu Jumanne iliyopita nina hasira.

Unajua kazi yangu ni ukalimani wa wagonjwa, na ninazunguka kwa gari langu. Sheria ya hapa Uswidi inakupunguzia kodi kwa safari za kazi, mradi uziandike. Mwaka jana niliandika kila kilomita. Sasa bibi mmoja wa ofisi ya kodi ameweka kidole kwenye mstari mmoja: Hagsätra, kilomita arobaini na nne.

"Siku hiyo mgonjwa alikuwa ameshafariki."

"Ndiyo. Nilikwenda kumpa mjane pole."

"Hiyo si kazi, Samwiri. Alikuwa ndugu yako?"

Samwiri tupu, mimi mzee wa miaka sitini na minne! Nikamjibu, "Mimi ndiye niliyemtafsiria kwamba mumewe hatapona. Habari hiyo aliisikia kwa kinywa changu. Ningekaa nyumbani?"

"Basi andika ni safari binafsi, nyingine zote nitazipitisha."

Nimekataa. Aifute mwenyewe kwa kalamu yake; mimi sitii saini kwamba nilikwenda kutembea.

Umeniuliza, kwa upole wako, kwa nini sikuja kumzika kaka yangu Apollo. Hati ya kusafiria nilikuwa nayo, shemeji. Niliogopa kukutazama usoni. Mlimzika Jumamosi; Hagsätra nilikwenda kesho yake, Jumapili. Hilo sikumwambia yule bibi.

Nisamehe,
Shemejio Samwiri