Anayekupaka Mafuta Mgongoni

Mwisenge, Musoma
Jumapili mchana

Dada yangu Rehema,

Shikamoo. Kifua kimeamkaje? Na yale manundu ya miguuni, bado yanauma ukivaa soksi? Mimi ni mzima hapa kwa Shangazi, nafagia chumba chake cha kushonea na kupiga pasi nguo za wateja. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu Mama anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, nami naishia kusema "hamjambo" tu.

Juzi Mama alimtumia Shangazi picha. Umekaa uani, na binamu yetu Nyamisi anakupaka mafuta mgongoni. Kwa kopo letu. Tena amevaa sweta langu la shule. Shangazi akasema, "Huyu Nyamisi ana moyo jamani! Na uso wake laini kama yai." Nikarudi kwenye pasi, nikaunguza kola ya mtu. Dada, nilimwonea wivu. Tangu utotoni mgongo wako nilikuwaga naupaka mimi, na wangu unaupaka wewe.

Lakini mwenye kosa ni mimi. Siku ile daktari alipomweleza Mama kwamba si TB, ni sakoidosisi, vinundu vinavyoota kwenye mapafu na kwenye ngozi, nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimsikia akisema wapo wataalamu wanaoshuku bakteria wa ngozini, hao hao wanaohusika na chunusi. Nikajigusa mashavu. Nani mwingine pale nyumbani ana chunusi kama mimi? Taulo moja, kitanda kimoja, kopo moja. Wiki ile ile nikaomba kuja huku, nanyi mkadhani nimechoka kukuuguza. Sikumuuliza mtu. Unanijua.

Jumatano nilikwenda zahanati kwa ajili ya hizi chunusi. Niliona aibu kuuliza kwa mdomo, nikaandika swali kwenye karatasi: Je, ni mimi niliyemwambukiza dada yangu? Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya kwaya, akaisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, hao bakteria hata mimi ninao. Hata mchungaji wako anao, na chunusi hana!"

Akanieleza polepole. Wanaishi kwenye ngozi za watu wote. Wameonekana ndani ya vinundu vya baadhi ya wagonjwa, ndiyo maana wanashukiwa, ila bado haijathibitika. Huenda mwili wa mtu kama wewe unapigana nao kupita kiasi. Lakini ugonjwa wenyewe hauambukizi. Hukuupata kwangu. Nililia pale pale, foleni nzima ikaniangalia.

Kwa hiyo nataka kurudi, ila naogopa umeshazoea mikono ya Nyamisi. Kama bado unanitaka, mwambie Mama apige simu, halafu wewe useme tu, "Mafuta yamebaki kidogo kwenye kopo." Hata wakisikiliza wote, nitaelewa mimi. Nitapanda gari la Butiama siku hiyo hiyo.

Nisalimie Baba na ng'ombe wake, Mama, na Bibi anayekukorogea uji. Na Nyamisi naye msalimie. Nimeomba Mungu anisaidie kuandika jina lake bila hasira, na nimeliandika. Miguu aendelee kukupaka yeye.

Mgongo ni wangu.

Mdogo wako,
Neema