Mguu wa Nne

Jumatatu, 3 Machi 2025
Bon, imeisha. Patron Egidius, bosi wetu, amemfanya Godfrey chefu wa mafundi hapa atelye, karakana yetu ya Magarama, Gitega. Mi niko hapa miaka kumi na moja! Godfrey miwili tu, tangu arudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake cha redio. Patron anasema mafundi hawatamsikia mwanamke. Eti nisikasirike, ni Ramadhani. Tumbo nimefunga, roho hapana.
Kesho mi na huyo chefu tunaenda Muyinga, kwenye kiwanda cha kahawa, kufunga boksi ya gia — ile ya kupunguza mbio za moteri.

Jumatano, 5 Machi
Boksi iko juu ya msingi wa simenti, miguu minne. Nikapitisha wembe chini ya kila mguu. Mitatu, unakwama. Wa nne — unapita wenyewe! Mguu unaelea. Dawa yake ni kibati chembamba cha kutia chini yake, nusu saa tu. Ukiukaza hivyo hivyo kwa nguvu, boksi inajipinda, gia zinatafunana upande mmoja. Haifi leo. Itakufa mwezi wa tano, kahawa ikiwa imejaa.
Godfrey akauliza: dada, msingi umeukagua? Nikamwambia: iko sawa, chefu.
Mguu ule ukamgomea. Akachomeka bomba kwenye spana, akaning'inia. Mbona mgumu hivi? Nikasema bolti mpya ndivyo zilivyo. Jasho lilimtoka! Mi nilifurahi. Sioni haya kuandika — nilifurahi kweli kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Godfrey anakwenda kula mbali ili nisimwone, kwa sababu nimefunga. Magharibi akaniletea tende na uji. Nikala vyote. Chuki iko palepale.
Mwezi wa tano patron atamfukuza, arudi kulima kwao Giheta. Mke wake Anisia ana mimba. Shauri yao!

Ijumaa, 7 Machi
Moteri imewashwa, wakulima wakapiga makofi. Patron amefika toka Gitega na karatasi ya garanti: mwaka mzima. Aliyekagua msingi aweke sahihi, ikiharibika yeye ndiye atajibu. Nikacheka moyoni, nikamtazama Godfrey: sahihi ni ya chefu.
Godfrey akasema mbele ya watu wote: msingi kaukagua dada Nadia, heshima ni yake, mimi siwezi kumnyang'anya. Patron akafurahi, akasema: bon! Basi Nadia anabaki Muyinga kuilinda boksi.
Wakanipa kalamu. Mana yanje, Mungu wangu! Nikisema sasa, wataniuliza kwa nini nimenyamaza siku mbili. Nisiposema, kosa la mwezi wa tano ni langu.
Nikasema naenda kuswali kwanza. Niko nyuma ya stoo, naandika hapa, karatasi yao iko gotini. Hata udhu sijatia. Boksi naisikia inalia kidogo, na Godfrey anawaambia watu wapunguze kelele, dada bado anasali.